Kimea Juu ya Paa

Tangu simu ile ilipoingia, Mma Galeboe hakukalika. Alicheka peke yake akipepeta mtama. Alicheka akitia mafuta mashine yake ya kusaga.

Mke wa chifu alikuwa amempigia yeye mwenyewe. Binti yake anaolewa. Kimea cha pombe ya harusi alikitaka kwa Mma Galeboe, si kwa Mma Segametsi ng'ambo ya barabara. Miaka sita yote kazi za kwa chifu zilikwenda kwa Segametsi. Sasa zimekuja huku!

Jumanne asubuhi mumewe, Rra Oarabile, alipanda paa la nyumba ya mashine na ufagio. Wenzao kijijini walianika kimea chini, juu ya magunia. Yeye alianika juu ya paa. Paa lilikuwa la asbesto, kuukuu, la kijivu, nalo lilishika joto vizuri.

"Huku mbuzi hawafiki, kuku hawafiki," alisema kwa majivuno. "Hii akili nimeivumbua mimi."

"Umeivumbua, haya, fagia basi!" mkewe akamjibu. "Na ukimaliza kimea hiki, ulisugue paa zima tulipake rangi nyekundu. Magari ya wageni yatapita hapa."

Rra Oarabile akafagia kimea kukigeuza. Vumbi jepesi likapanda.

Wakati huo Tshenolo alikuwa akiingia uani kununua unga. Alikuwa binti wa jirani, na alifanya kazi mjini Kuruman na mafundi wa kushughulikia mapaa ya asbesto. Alisimama ghafla.

"Rra! Usifagie! Weka ufagio taratibu!"

Rra Oarabile akacheka. "Binti, unaogopa nitakufagia na wewe?"

"Shuka, baba, nakuomba. Kanyaga penye mstari wa misumari, chini yake kuna boriti. Katikati patavunjika, utatua juu ya mashine."

Alishuka akinung'unika. Tshenolo akaiondoa ngazi ukutani na kuilaza chini.

"Kuna nini?" Mma Galeboe akauliza. "Mbona unatutia wasiwasi asubuhi asubuhi?"

"Mama, ndani ya asbesto kuna nyuzi ndogo sana. Huzioni kwa macho. Zikitulia ndani ya saruji yake, hazina neno. Ila paa hili limezeeka. Ukilifagia, ukilisugua, ukilitoboa, hata ukiliosha kwa pampu ya nguvu, nyuzi zinaruka. Unazivuta bila kujua, na zinabaki kifuani."

"Sisi hatukohoi," alisema Rra Oarabile.

"Baba yangu naye alipoacha mgodi wa asbesto hakuwa anakohoa. Alianza baada ya miaka ishirini na tano. Tulimzika kabla sijapata mshahara wangu wa kwanza."

Rra Oarabile akavua kofia yake. Walimkumbuka wote. Aliimba sauti nzito kanisani, na mwishoni hakuweza kumaliza hata ubeti mmoja.

"Na kimea changu?" Mma Galeboe aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kimefagiwa pamoja na vumbi hilo, mama. Ukikisaga, mashine itakurushia usoni, wewe na kila anayengoja unga."

"Tukikiosha?"

"Hapana. Kinatupwa."

Mma Galeboe akakaa juu ya ndoo. Kimea chote cha harusi! Wapika pombe walikuwa wanakitaka Jumanne ijayo. Akikosa, kazi itarudi kwa Segametsi, na kijiji kizima kitacheka.

Mumewe akainama, akamnong'oneza, "Mke wangu, aliyeona ni sisi watatu tu."

"Sisi watatu si watu?" Mma Galeboe akainuka. "Tshenolo, waite wenzako!"

Mafundi walikuja mchana wamevaa vinyago maalumu na ovaroli. Hawakukanyaga paa. Walifanya kazi juu ya jukwaa walilojenga pembeni. Walikilowesha kimea kwa maji ya kunyunyiza ili vumbi lisiruke. Wakakitia katika mifuko mizito ya plastiki, mmoja ndani ya mwingine, wakaifunga na kuibandika onyo. Nguo za kazi za Rra Oarabile na ufagio wake navyo viliingia humo. Ndani ya nyumba ya mashine walipangusa kwa vitambaa vibichi. Mifuko yote ikapelekwa kwenye jaa lililotengwa kwa taka za asbesto.

"Na mashine isiwashwe mpaka paa lishughulikiwe," alisema Tshenolo. "Inatikisa mabamba yote."

Siku saba zilibaki, na mashine imefungwa. Mma Galeboe akajifunga kitenge kiunoni. Akavuka barabara ambayo hakuwa ameivuka kwa miaka sita.

Mma Segametsi alikuwa mlangoni, mikono kiunoni. "Leo jua limetokea wapi? Umepotea njia, Mma Galeboe?"

"Sijapotea. Nimekuja kukuomba mashine yako." Akamweleza yote, hata la ufagio.

Segametsi alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akamsogelea. "Ungeweza kusaga kile kile, tukakinywa."

"Ningeweza."

"Lete mtama wako. Jina kwenye magunia litakuwa lako. Lakini mashine ni yangu, na nitasimama hapa niwaambie watu wote!"

Jamani, siku hizo! Usiku ule ule mtama ulilowekwa. Alhamisi ukaanza kutoa mizizi, myeupe, mizuri. Jumapili, baada ya ibada, akina mama wa kanisa waliutandaza uwanjani, juu ya magunia safi, chini kabisa. Walikaa zamu na fimbo, wakiimba na kufukuza mbuzi. Jumatatu wingu jeusi likaja. Wakakimbiza magunia ndani ya kanisa, Rra Oarabile mbele kabisa bila viatu. Wingu likapita. Wakayatoa tena wakicheka. Jumanne asubuhi mashine ya Segametsi ikanguruma, na saa sita mchana kimea kilikuwa kwa chifu.

Mma Galeboe alimwambia mke wa chifu ukweli wote. Mama yule alimtazama.

"Nimeshausikia," alisema. "Segametsi amenipigia tangu Jumatano. Nilikuwa nangoja kama utaniambia wewe."

Kwenye harusi pombe ilitoa povu zuri. Kibuyu kilipofika kwa Tshenolo, alikunywa akafumba macho. "Baba angeimba leo," alisema. Mma Galeboe akamshika mkono, akaanza yeye ule wimbo wa mzee, na uwanja mzima ukaitika.

Mwezi uliofuata mafundi walikagua jengo lote. Mabamba ya upande wa ghala yalikuwa bado mazima, basi wakayapaka rangi maalumu ya kuziba, wakayabandika onyo, wakaandika kitabuni kwamba yakaguliwe kila mwaka. Yale ya juu ya mashine yalikuwa na nyufa. Waliyalowesha, wakayafungua mazima mazima bila kuyavunja, wakayafunga kwa plastiki na kuyaondoa. Mabati mapya yakapanda, mekundu kama Mma Galeboe alivyotaka.

Siku mashine ilipowashwa tena alipiga vigelegele. Wateja wakaitikia. Hakuna aliyekaa chini ya vumbi lile tena.

Katikati ya shangwe akamwona Mma Segametsi ng'ambo ya barabara. Alikuwa ameinua macho, anatazama paa la ghala lake. Lilikuwa la kijivu, kuukuu. Ngazi ilikuwa imeegemea ukuta, na juu pametandazwa mtama. Mtu fulani alikuwa ameiiga akili ya Rra Oarabile.

"Mma Galeboe!" Segametsi akaita. Sauti yake safari hii haikuwa na kicheko. "Yule binti wako wa mapaa, yuko wapi?"

Mma Galeboe alikuwa tayari katikati ya barabara, anakimbia, kitenge kinapepea.

"Nampigia sasa hivi!" alipiga kelele. "Lakini usimpandishe mtu! Ondoa kwanza hiyo ngazi!"