Mpini Unaolala Nje

Mathilde aliamka kutoka usingizi wa mchana akakuta viti vyote vya nyumba vimezunguka kitanda chake. Viti vya sebuleni, kigoda cha jikoni, hata kile kiti cha plastiki kilichovunjika mguu ambacho walikuwa wamekitupa nyuma ya choo. Vyote vilimwelekea yeye.

"Symphorien," aliita, sauti imekwama kwenye kikohozi. "Ni weye ulileta hivi viti huku?"

"Viti gani?"

Symphorien alikuwa sebuleni na bisibisi mkononi. Hapo ndipo alipogundua kwamba amekuwa akifanya kazi akiwa amesimama. Alikuja mlangoni, akavitazama viti, akamtazama mkewe. Angeweza kuuliza mengi. Badala yake alivibeba kimoja kimoja kuvirudisha mahali pake, maana alikuwa amechoka, na hata kuogopa kunataka nguvu.

Uchovu ule haukuwa wake peke yake. Mtaa mzima wa Panda ulikuwa hivyo tangu kampuni ya migodi ilipoacha kulipa watu, na tangu treni ilipobeba nusu ya majirani kuwarudisha Kasai, kwa mababu zao, ambako wengi wao hawakuwahi kukanyaga. Mama yake Mathilde na kaka zake walipanda treni hiyo hiyo. Mathilde alibaki kwa sababu ya ndoa. Sasa alikuwa na mume, na ugonjwa wa kifua, na hospitali ambayo ilikuwa na vitanda tu. Symphorien naye hakuwa na mtu mwingine duniani. Alimpenda mkewe kwa ule upendo mkimya wa watu waliozeeka pamoja kabla ya wakati, na kila alipomsikia akikohoa alihisi kitu kinakwanguliwa ndani yake mwenyewe.

Ndiyo maana Dominique alipofika kutoka Lubumbashi na ukurasa uliochanwa kwenye gazeti, hakumfukuza.

Dominique zamani aliuza vipuri vya magari. Siku hizi aliuza chochote ambacho mzungu yeyote angeweza kukitamani. Kwenye ukurasa ule palikuwa na picha ya mpini wa chuma unaong'aa, kama tochi ndefu: mpini wa flashi ya zamani, ya zile kamera kubwa za waandishi wa habari, ambao juu yake huvikwa sahani ya kuakisi na globu inayoungua mara moja tu.

"Bazungu beko natafuta hii sana," Dominique alisema. "Banatengenezaka nayo silaha ya kuchezea, ile banaonaka mu film. Lakini banataka ikuwe ya kweli yote. Hiki kibano cha kukamata kamera. Hiki kitufe chekundu. Hili jicho ya kioo. Kama kipande moja ni ya kiwanda ingine, banakatala."

"Na mi napata nini?"

"Dawa ya kifua ya madame. Ya kumaliza kabisa, si ya kuonja."

Symphorien aliitazama picha kwa muda mrefu. Alikuwa na mipini miwili ya aina hiyo hiyo, aliyoachiwa na mjomba wake Ambroise pamoja na kamera na studio. Kamera ilikuwa moja, mipini miwili, na kwa hilo palikuwa na sababu.

Mpini mmoja ulikuwa wa harusi, ubatizo na komunyo ya kwanza. Huo ulilala kabatini, chumbani. Wa pili ulikuwa wa vilio. Watu wa Panda walikuwa na desturi ya kumpiga marehemu picha ya mwisho, amevalishwa vizuri, mikono imekunjwa kifuani, ukoo umemzunguka. Mpini wa vilio ulilala nje, kwenye kibanda cha makaa, umefungwa kitambaa cheusi, na mpiga picha aliporudi kutoka msibani alipita njia nyingine, si ile aliyoendea.

Ambroise alimweleza sababu mara moja tu. Katika picha za vilio, nyuma ya ukoo, alionekana mtu mmoja mrefu ambaye hakuna aliyemjua. Upande wa mume walidhani ni ndugu wa mke. Upande wa mke walidhani ni ndugu wa mume. Kwa hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza. Ni Ambroise tu, aliyezisafisha picha zote, ndiye aliyejua kwamba mtu yule alikuwa kwenye kilio cha Kambove na kwenye kilio cha Panda, amevaa koti lile lile, na kwamba kila mwaka alisogea mbele kidogo. Watu wengine wangesema ni jini. Ambroise alimwita mgeni. "Anapenda huu mwanga," alisema. "Anaufuata. Usimwonyeshe mahali tunalala."

Symphorien aliishika amri hiyo miaka yote. Lakini mpini wa harusi ulikuwa umekosa kibano, tangu msimamizi wa bwana harusi alipouangukia akiwa amelewa, na jicho lake la kioo lilikuwa na ufa. Mpini wa vilio ulikuwa mzima. Kwa hiyo alikwenda kibandani. Mvua ilikuwa inanyesha, paa la kibanda linavuja, na miguu inamuuma. Akajiambia kwamba chuma ni chuma. Akauingiza mpini ndani, akaifungua yote miwili juu ya meza ile ile wanayolia chakula, akatumbukiza sehemu zote kwenye beseni moja la maji ya ndimu ili zing'ae. Alipozitoa zilikuwa zimechanganyika, na zilifanana kabisa.

Ni mchana huo ndipo viti viliposogea.

Siku iliyofuata mvua ilikatika na jua likatoka. Floribert, jirani yao, fundi wa baiskeli mwenye kofia asiyoivua hata kanisani, alibisha hodi kuomba chumvi. Symphorien alimwambia apite. Umeme haukuwepo, dirisha lilikuwa wazi, kuku walikuwa wanaparua uani, na hapakuwa na jambo lolote la kutisha, hadi mwanga mweupe ulipoijaza nyumba mara moja tu, bila sauti, mweupe kuliko jua lenyewe, ukifuatwa na ile harufu ya globu iliyoungua ambayo Symphorien aliijua kuliko harufu ya jasho lake, harufu ya kioo cha moto na plastiki iliyobabuka, na macho yake yalipoanza kuona tena hakuwa mezani bali chumbani, amesimama kwenye kichwa cha kitanda na mkono wake uko juu ya ubao, na Floribert amesimama miguuni, kofia ameishikilia kifuani, na katikati yao Mathilde amelala chali, amenyooshwa, macho yamefumbwa na mikono imekunjwa kama mikono inavyokunjwa na watu wengine, na pembeni palikuwa na kiti kitupu ambacho mto wake ulikuwa umebonyea chini ya uzito wa mtu anayekaa.

Mto ule uliinuka polepole. Hakuna aliyetoka.

"Symphorien," Floribert alinong'ona. "Nani alinivua kofia?"

Akaondoka bila chumvi.

Mathilde alifumbua macho baadaye. Midomo yake ilikuwa mikavu.

"Eko nyuma yangu," alisema.

"Nani?"

"Ule muntu murefu. Eko natulia tu. Mi nilizania ni ndugu yako."

Symphorien alikaa sakafuni, mgongo ukutani, akalia kidogo kwa sauti ya chini ili mkewe asisikie. Kisha akajifuta uso na kwenda kumtafuta Mama Fortunée.

Mama Fortunée aliongoza wanawake wa maombi katika kanisa dogo la mabati karibu na reli. Mchana aliuza sombe, mboga ya majani ya muhogo, sokoni, na pepo aliwatoa kwa namna ile ile aliyouza sombe, bila kelele na bila kupunguza. Alisimama mlangoni, akanusa, akaiangalia meza.

"Hii ni nini?"

Symphorien alimweleza kila kitu. Mama Fortunée alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka chupa yake ya mafuta chini.

"Siwezi fukuza muntu mwenye weye ulimubebea mizigo mpaka ku meza," alisema. "Tenganisha kwanza. Yake ikuwe yake, yenu ikuwe yenu. Kisha njo nitaomba. Kama kintu yake moja inabaki humu, hatakwenda, na akibeba muntu hatabeba weye. Atabeba ule mwenye eko nalala."

"Zinafanana, mama."

"Basi angalia muzuri."

Aliangalia. Pengine hakuwahi kutazama kitu kwa makini vile maishani mwake. Springi moja ilikuwa na kutu ya kijani ndani ya mikunjo yake, kutu ya betri mbovu za siku hizi zilizosahaulika gizani. Hiyo ilikuwa ya kilio. Bomba moja lilikuwa na vumbi la makaa kwenye mkunjo wake. Hilo pia la kilio. Jicho lenye ufa lilikuwa la harusi. Kibano kilimchukua muda, si kwa sababu hakukijua. Kilikuwa kimoja tu, kwa hiyo kilikuwa cha kilio, na bila kibano Dominique asingeleta dawa. Kutoka chumbani Mathilde alikohoa. Symphorien alikiweka kibano juu ya kitambaa cheusi.

Vikabaki vitufe viwili, vyekundu vyote. Kimoja kilikuwa kimelika katikati kama kisigino cha ndala ya zamani. Kingine kilikuwa bado na rangi na mistari yake ya kiwandani. Akawaza Jumamosi za utoto wake, Ambroise akitoka harusi moja kuingia nyingine, suti imelowa, mabibi harusi wamepanga foleni mbele ya kanisa, kidole gumba hakipumziki. Kilicholika ni cha harusi. Akakifunga kwenye mpini wa nyumbani. Kile kipya akakitia kwenye kitambaa cheusi.

"Umemaliza?" Mama Fortunée aliuliza.

"Nimemaliza."

Basi aliomba. Alipaka mafuta milangoni, akaimba, akamwita mgeni atoke kwa Jina ambalo halipingwi, na viti vyote vya nyumba vikatetemeka kidogo, kama lori linapopita barabarani, kisha vikatulia. Walikwenda kuzika kitambaa nje ya ukuta wa makaburi wakati jua liko juu, wakarudi kwa kufuata reli. Walipofika Mathilde alikuwa ameketi mwenyewe, anauliza kama kuna bukari, ugali wa kwao.

Dominique alipokuja aliona pengo la kibano na ufa wa jicho, akaguna. Lakini hakuwa mtu mbaya.

"Nitatafuta kibano na jicho Kambove," alisema. "Weye chunga hii mpini muzuri. Dawa nakuachia sasa, juu ya madame."

Mathilde alimeza dawa, na kikohozi kikaanza kulegea. Alifua tena. Alicheka tena, hasa alipomwigiza Floribert akikimbia bila chumvi. Jumapili majirani na Mama Fortunée walikuja kushukuru naye, wakajaa sebuleni, na yeye alivaa kitenge chake cha kanisani, akakaa katikati. Symphorien alikuwa na furaha ambayo alikuwa amelisahau jina lake.

"Inakosa foto tu," Floribert alisema. "Symphorien, piga basi, hata bila globe. Tutafanya kama vile."

Watu walicheka. Symphorien naye alicheka, akauchukua mpini kabatini, akasimama mlangoni mahali pa mpiga picha. Hamkuwa na betri ndani yake. Kidole gumba kikapanda juu ya kitufe chekundu, kikaingia kwenye lile bonde lililolika, na kikatoshea barabara, kikatulia humo kama mtu aliyerudi kitandani kwake.

Ambroise alikuwa na kidole kikubwa, kipana kama kijiko. Bonde hili halikuwa lake. Kitufe chake cha harusi kilivunjika siku ile mlevi alipouangukia mpini, na Ambroise akatia kipya.

Symphorien alijaribu kukumbuka bibi harusi wa mwisho aliyempiga picha, akapekua mwaka mmoja nyuma, na mwingine, na mwingine, na hakumpata, maana tangu studio iwe yake hakuna mtu wa Panda aliyeoa na kubakiwa na pesa ya picha, walikuwa wanakufa tu, wiki kwa wiki, baba za watu na watoto wa watu, na kila mara ni yeye aliyeitwa, na kila mara ni kidole hiki kilichoshuka, na wakati kitufe cha mpini wa harusi kilibaki kipya kabatini, hiki cha mpini wa nje kilikuwa kinalika, kikilika, chini ya kidole chake mwenyewe.

Akainua macho kusema neno. Kicheko kilikuwa kimeisha. Bila kuambiwa na yeyote, majirani walikuwa wamejipanga kumzunguka Mathilde, wamenyamaza, wanaitazama kamera ambayo haikuwepo, na Floribert alikuwa amevua kofia. Nyuma ya kiti cha Mathilde mtu mrefu mwenye koti alikuwa anatafuta nafasi. Mama Fortunée alisogea kidogo kumpisha, kwa heshima, kama mtu anavyompisha ndugu wa mwenye nyumba.

"Mathilde," Symphorien alisema, lakini sauti haikutoka.

Akajaribu kukiondoa kidole. Kidole kilikuwa kimefanya kazi ile mara nyingi mno kiasi kwamba hakikumngoja tena. Mathilde alimtabasamia mumewe, akafumba macho, akakunja mikono kifuani, na kitufe kikashuka.