Kisamvu cha Bi Mwanamkuu

Kinasaladha kilining'inia juu ya chungu, kikivuta mvuke wa kisamvu cha nazi. Chombo hicho kilikuwa maajabu: mtazamaji wa filamu, hata akiwa kwenye makazi ya mwezini, alipata ladha ileile ulimini. Ila kilinasa kila pishi mara moja tu. Taa yake ikishawaka kijani, Hazina ya Ladha, ghala la mapishi ya taifa, iliifunga rekodi isibadilishwe tena, na wapishi-chuma, roboti za jikoni za nchi nzima, ambao ubishi hawaujui, wakaifuata.

Mwanaharusi, mwongozaji wa filamu, jasho lilikuwa likimtoka. Alikuwa ameahidi kuuonyesha ulimwengu watu wa Pangani ni nani kupitia chungu chao. Akiharibu hapa, ameharibu kwa wote.

Shangazi yake, Bi Mwanamkuu, alikoroga tui, kisha akamnyooshea kijiko. Mwanaharusi akaogopa picha isije ikaharibika. Akamwashiria aendelee, anyamaze. Shangazi akasita, akakirudisha kijiko. Taa ikawaka kijani.

Mitambo ilipozimwa, Mwanaharusi akaonja. Hakikuwa na chumvi hata chembe.

"Shangazi, mbona hukuonja?"

"Leo Alhamisi, mwanangu, nimefunga. Mpishi akifunga, anayeingia jikoni ndiye humwonjea, ndipo chumvi itiwe. Si nilikupa kijiko? Ukanikatalia."

Mwanaharusi aliwapigia Hazina, akawasihi karibu kulia. Wakamjibu kwa upole kwamba maji yakimwagika hayazoleki.

Filamu ikapata tuzo. Yeye akakosa raha. Kila alipopita penye mgahawa alichungulia nyuso za walaji, akiomba walau mmoja alalamike. Hakulalamika mtu; wapishi-chuma walipakua, watu wakala, wakalamba vidole.

Miaka ikapita. Sikukuu moja ya Idi, Bi Mwanamkuu akapika kwa mkono wake, chumvi sawasawa. Wajukuu wakaonja, wakatazamana, wakasukuma sahani.

"Bibi, hiki si kisamvu," akasema Mwanatumu, binti wa Mwanaharusi. "Kisamvu hakiwi hivi."

Mwanaharusi alitaka kusema, lakini kwa aibu akaanza kukusanya sahani. Bi Mwanamkuu akaonja, akaonja tena, uso ukimbadilika kwa mashaka. Kisha akavuta kigoda, akaketi karibu na mjukuu wake.

"Uzee huo, mama," akasema. "Haya, nifundishe."