Vifuko Vinavyokula Dawa

"Hivi shemeji, kidonda mnakipa dawa kila siku, mbona ndiyo kwanza kinanenepa?"

Ndivyo jirani yao Athanasi alivyouliza siku moja, amesimama mlangoni.

Hilda alikifunika kidonda kwa kitambaa. Mumewe, Rupert, alikuwa amelala mkekani, mguu umevimba kama mtungi. Wiki tatu nyuma alijikata kwa shoka, akikata miti ya kujengea bani, lile banda la kukaushia tumbaku. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipoachiwa huru, na maduka ya dawa yalikuwa yamefunguliwa kila kona ya Songea. Vidonge ulinunua viwili, vitatu, kama karanga. Rupert alimeza viwili. Vingine Hilda alivipasua, akamwaga unga wake kidondani, kama walivyofanya majirani. Mguu ukitulia, dawa inawekwa juu ya kabati. Ukiuma, inateremshwa.

Sasa usaha ulinuka hadi uani.

"Wataukata, mama Beata," Rupert alimwambia mkewe. "Mguu mmoja utalima tumbaku gani?"

"Mungu hajalala. Inuka twende."

Katika hospitali ya misheni walipokelewa na Sista Walburga, mtawa mfupi, mzee, mikono ya nguo ameikunja.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba, mwanangu. Hebu tuone."

Hakuziba pua. Aliosha kidonda karibu saa nzima, polepole, kama mtu anayeosha mtoto mchanga. Akachukua usaha kidogo kwa ajili ya maabara. Hilda alimtazama, akasema moyoni: huyu ndiye anayesali kwa mikono.

Aliposikia habari ya unga, Sista alitikisa kichwa.

"Humu mna bakteria, vijidudu visivyoonekana kwa macho. Baadhi yao hujimegea vifuko vidogo sana kutoka kwenye ganda lao. Vifuko vinaelea kwenye usaha. Vingine vimebeba kitu cha kuikatakata dawa. Vingine vinainasa tu. Mwizi akimtupia mbwa wako nyama, mbwa anafanya nini?"

"Anakula, mwizi anapita," Hilda alijibu.

"Ndivyo dawa inavyoishia kwenye vifuko. Bakteria wanapita. Na asiye na kinga anakingwa na vifuko vya jirani yake. Tena ndani ya vifuko vingine mna mbinu ya kuishinda dawa. Wanapeana."

"Kumbe wana ujirani mwema kuliko sisi!" Rupert alisema. Sista akacheka hadi akafuta macho.

"Ndiyo, baba. Na dawa kidogo kidogo inawachokoza bila kuwamaliza. Wanyonge wanakufa, wakaidi wanabaki. Wengine, wakichokozwa hivyo, humwaga vifuko zaidi. Ndiyo maana tunaosha usaha, na maabara inatafuta dawa wanayoiogopa. Usipasue kidonge tena. Usimeze kwa kubahatisha."

Siku ya tatu majibu yalitoka. Dawa ilikuwa nyingine kabisa, ya siku kumi, mara tatu kwa siku. Nyumbani Hilda hakuwa na saa. Alifuata kengele ya kanisa: asubuhi, adhuhuri, jioni. Maji ya kuoshea aliyachemsha, akayaacha yapoe.

Siku ya sita ya dawa uvimbe ulikuwa umekwisha.

"Nimepona, mke wangu. Vilivyobaki tuviweke akiba."

"Fungua mdomo."

"Mwanamke huyu!"

"Kengele imelia. Fungua."

Rupert akafungua. Siku ya kumi alimeza cha mwisho. Walipokwenda tena kwa Sista, aliubonyeza mguu, akatabasamu, akasema tu, "Mshukuru Mungu, kisha umshukuru mkeo."

Mwezi haukupita, Athanasi akaja mbio. Jasho lilimtoka.

"Shemeji, mke wangu titi limevimba, lina usaha. Homa imempanda. Nimepata vidonge hivi vinne dukani. Avimeze, au tuvipasue?"

Hilda alivitazama vile vidonge kiganjani mwa jirani yake.

"Usivipasue, shemeji. Wala asimeze. Apelekwe kwa Sista leo hii."

"Safari yote ile? Kutembea hawezi. Nani atambeba?"

Rupert aliyekuwa akila aliweka tonge chini. Akanawa mikono. Akasimama kwa miguu yake yote miwili, akaitoa baiskeli ukutani, akabonyeza matairi kuona kama yana upepo. Kisha akaisukuma nje, akashika njia ya kwa Athanasi.