Fundo Kwenye Uzi wa Babu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilifagia maranda katika karakana ya babu, naye hakukosa kunipa mtihani. Alikwangua gogo kwa ukucha, akanisogezea kidole puani.

"Huu mti gani?"

"Msonobari, babu."

"Huyo ndiye Bi Pua wangu!" alisema, akacheka mpaka akakohoa.

Babu alikuwa seremala. Macho yake yalikuwa yameacha kuona miaka miwili nyuma, lakini vidole na pua vilibaki kazini. Darasa letu lilipopata safari ya kwenda kwenye hifadhi ya miti mikubwa ya kale, alinipa donge la uzi wake wa kupimia.

"Uzungushe kwenye mti mkubwa kuliko yote, kisha ukate. Nataka niushike unene wake."

Nilipokea shingo upande. Uzi mtupu, zawadi gani hiyo?

Hifadhini tulipokewa na askari wa hifadhi, mama mmoja mrefu mwenye sauti ya upole. Alituonya mapema tusichume wala kubandua kitu. Tulipofika chini ya mti wenyewe, hata wapiga domo wa darasa letu walinyamaza. Nilitazama juu mpaka shingo ikauma. Nikamkumbuka babu, machozi yakanilengalenga. Wenzangu walipotangulia, niliuacha uzi mkobani, nikabandua kipande cha gome kwa rula, nikakitia mfukoni ili babu anuse. Kwani mti mkubwa vile ungejua?

Kabla hatujatoka langoni, askari alitusimamisha. "Ule mti mkubwa umebanduliwa gome sasa hivi. Nani kafanya hivyo?"

Mwalimu alimgeukia Kifaru, mtundu mashuhuri wa darasa letu. "Wewe tena?"

"Haki ya Mungu, mwalimu, leo si mimi!"

Hakuna aliyemwamini. Nikashindwa kuvumilia. Nilitoa gome mfukoni.

"Ni mimi, mwalimu. Nilimchukulia babu. Haoni. Kifaru, nisamehe."

Askari hakunifokea. Alinirudisha mtini pamoja na wenzangu, akanionyesha jeraha lililokuwa bado bichi.

"Gome ni ngozi yake. Wadudu na magonjwa hupitia hapa. Babu alikutuma gome?"

"Hapana. Alinituma nipime kwa uzi."

"Basi fanya alichokutuma. Na hapa penye jeraha, funga fundo."

Kifaru alishika ncha moja, nami nikauzunguka mti mzima na donge langu.

Jioni, nilitandaza uzi uani kwa duara, nikaufunga kwenye vigingi. Babu aliushika, akaanza kutembea polepole, uzi ukipita vidoleni mwake.

"Bado tu? Lo! Mti huu au nyumba?" Alicheka kama mtoto. Ghafla akasimama. "Pana fundo hapa. La nini?"

Ningeweza kusema uzi ulikatika nikauunga. Badala yake nilimweleza yote, mpaka habari ya Kifaru. Babu alilipapasa lile fundo kwa kidole gumba.

"Mjukuu wangu," alisema mwishowe, "najua ulifanya kwa kunipenda. Lakini kitu ulichokichukua kwa kificho ningekinusaje kwa furaha? Mti umeumia, na mwenzako nusura aadhibiwe bure. Ukitaka kunifurahisha, niletee kitu ambacho huoni haya kusema umekitoa wapi. Kama uzi huu."

Akanivuta, akanikumbatia. Kisha akanishika mkono, tukauzunguka mti wetu tena, safari hii pamoja.