Kinu Kipya, Injini ya Zamani

Pale Marani, kina mama walifika kwa Abner kabla umande haujakauka. Kila mmoja alikuwa na debe la wimbi kichwani.

Zamani Abner alisaga mahindi tu, kwa kinu kidogo cha mawe. Lakini wimbi linataka kusagwa laini. Basi mwaka 1974 alikodisha shamba lake la chai kwa miaka minne, akanunua kinu kikubwa cha nyundo za chuma zinazoponda nafaka kwa kuzunguka. Injini aliiacha ile ile.

"Injini ni injini," alimwambia mkewe, Bonareri. "Si inanguruma?"

Ilinguruma kweli. Lakini kila wimbi likizidi, mkanda wa kuzungusha kinu uliteleza, ukanuka kama kwato zilizochomwa, injini ikazimika. Abner akaupaka mkanda nta ya nyuki. Ukashika. Akajiona fundi.

Wiki haikuisha. Bibi kizee Bitutu alimimina wimbi lake, injini ikakohoa, ikalia kama mti unaovunjika, ikanyamaza.

"Abner mwanangu," alisema Bitutu, "nirudishie lililobaki. Lile lililo tumboni mwa kinu, waachie panya."

Kina mama wakajitwika, wakaenda kusaga ng'ambo ya mto.

Siku tano Abner alikaa mlangoni pa banda. Kutoka pale aliwaona watu wengine wakichuma chai yake.

"Nitaenda Kericho nikachume chai ya watu," alisema.

"Na hii yako ichumwe na watu," Bonareri akajibu. "Umefikiri vizuri."

Sabato ilipopita, Bonareri alikwenda Kisii mjini, akarudi na Oyoo, fundi wa kutoka upande wa ziwa. Oyoo alifungua injini, akatazama, akafunga.

"Mzee, hii imekufa. Shafti, mhimili wake wa ndani unaozunguka, imekatika."

"Nani ameniroga?"

"Nta yako." Oyoo alikwangua kibati cha maandishi ubavuni mwa kinu kwa msumari. "Soma hapa. Kinu kinataka nguvu ya farasi kumi na sita. Injini yako ilikuwa na sita. Umemfunga ndama plau ya fahali. Mkanda ulipoteleza ulikuwa unakuambia mzigo umezidi. Wewe ukaufunga mdomo."

"Nikitafuta mkanda mwingine?"

"Hata mikanda kumi. Ukiongeza kazi, ongeza nguvu kwanza. Soma kibati kabla ya kununua."

Abner aliinamisha kichwa. Hakuwa na kitu cha kuuza tena.

Bonareri akasema polepole, "Kikundi chetu cha kina mama wa kanisani kinaweza kuleta injini. Lakini kinu kitakuwa cha kikundi. Wewe utakuwa msagaji."

"Kinu changu?"

"Kwani sasa hivi ni kinu, Baba Kemuma? Ni chuma."

Siku ya tatu Abner alichukua koleo, akaanza kuchimba msingi wa injini mpya.

Oyoo alifunga injini kubwa ya kikundi juu ya saruji, mikanda miwili, na pipa la maji ya kuipoza. Alimfundisha Abner kubadilisha oili na kusafisha chujio la hewa. "Na nta," alisema, "waachie nyuki."

Siku ya kwanza walisaga kutoka asubuhi hadi saa tisa. Injini haikuzimika hata mara moja. Bitutu alisugua unga kati ya vidole. Ulikuwa laini.

"Sasa kinu hiki ni cha nani?" aliuliza.

Abner alipangusa unga usoni.

"Ni chenu, mama," alisema. "Leta debe."