Kidole Nilichobonyeza Bila Kusoma

Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, mlango wa karakana ya mjomba wangu ulikuwa hauishi watu. Mjomba ni fundi cherehani, na klabu yetu ya kujitolea ilibandika karatasi yake ya habari hapo, kwa kuwa mlango uko njia panda. Karatasi yenyewe ilikuwa moja tu, ya herufi kubwa: nani amelazwa, lini tunazibua mifereji, lini daktari wa macho anakuja. Aliyesoma aliweka sahihi chini. Asiyeona vizuri alisomewa na aliyesimama karibu naye.

Mimi nilikaa ndani, nikimtungia mjomba uzi.

"Mpwa wangu, sindano za siku hizi zinatengenezwa bila tundu," alipenda kusema.

"Tundu lipo, mjomba. Macho yako ndiyo yamestaafu kabla yako."

Alicheka mpaka cherehani ikasimama. Mimi ni mtu wa haya, ndugu zangu. Ni yeye peke yake niliyeweza kumtania.

Kisha mchapaji wetu akafunga duka. Magazeti hayanunuliwi tena, na vikaratasi vya klabu pekee visingeweza kumlisha. Mashine aliiuza kama chuma chakavu. Klabu ikaamua habari zote zipite kwenye kundi la simu. Wazee watatu hawakuwa na simu za namna hiyo, mjomba akiwemo.

Katibu, mwalimu mstaafu anayening'iniza miwani kifuani, akanigeukia.

"Binti, wewe una simu. Wasomee wazee hawa watatu. Ukishawafikishia, bonyeza ile alama ya kidole gumba nijue."

Nikatikisa kichwa kukubali. Sikumwambia kwamba shule niliiacha darasa la nne, na kwamba maandishi marefu hunitoa jasho. Kusema vile mbele ya watu, heri ardhi inimeze.

Katibu huandika kama anayelipwa kwa neno. Huanza na salamu, zikafuata shukrani na pole, ndipo aingie kwenye jambo lenyewe. Nikawa nasoma mistari ya juu, nawaambia wazee, "Katibu anawasalimu," kisha nabonyeza kidole. Wiki zikapita, hakuna kilichoharibika. Kosa lisilokuumbua siku ya kwanza huja kukuzoea, likakaa kama la nyumbani.

Macho ya mjomba yalikuwa na presha, la kulia zaidi. Daktari alikuwa amemwonya waziwazi: "Ugonjwa huu unakula nuru polepole, na nuru ikishaliwa hairudi. Nikija tena, usikose." Karatasi ya mwisho kubandikwa ilisema atakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Dawa ya matone ilikuwa imekwisha, na mjomba alizihesabu siku kama mtoto anayesubiri nguo mpya.

Jumamosi hiyo alivaa koti alilojishonea mwenyewe. Tulipofika kwenye ukumbi wa klabu tulikuta kufuli mlangoni, na mfagiaji akikung'uta mkeka.

"Daktari?" alisema. "Mbona alikuja Jumatano? Watu walijaa mpaka nje."

Mjomba akanishika bega. "Basi nimekosea siku mimi. Uzee huu, mpwa wangu. Nisamehe kwa kukutembeza bure."

Sikilizeni hapo, ndugu zangu: aliniomba msamaha, nikaupokea.

Tulipofika nyumbani nilijificha uani nikasoma ujumbe wa Katibu, silabi kwa silabi. Mstari wa kumi na moja ulisema daktari amebadili siku, ni Jumatano. Chini yake palikuwa na kidole changu.

Hospitali kubwa walimpa mjomba tarehe ya wiki saba mbele. Alipoonwa, jicho la kushoto liliokolewa. La kulia lilikuwa giza.

Katika mkutano uliofuata mwanachama mmoja aliuliza ilikuwaje fundi akakosa daktari.

"Ujumbe ulifika," Katibu alijibu, akiinua simu yake. "Kidole cha binti hiki hapa."

Watu wote wakanitazama. Mjomba akainuka, jicho likiwa limefunikwa kitambaa.

"Aliniambia. Nilisahau mimi. Msimkodolee mtoto macho."

Heri wangenipiga. Nikasimama.

"Sikumwambia," nilisema. "Sikuusoma ujumbe. Kusoma kwenyewe kunanishinda."

Katibu akaivua miwani yake. "Kwa nini hukusema, mwanangu?"

"Niliona aibu."

"Nami sikukuuliza," alisema taratibu. "Nilihesabu vidole, nikadhani nimehesabu watu."

Njiani mjomba alinishika mkono, sasa mimi nikiwa upande wake wa kulia ili asijigonge.

"Nilijua," alisema. "Kila unaponisomea kitu, sauti yako inakwama kama uzi wenye fundo. Niliona haya kukugusia. Uzi wenye fundo ukiuvuta kwa nguvu, unachana kitambaa."

Siku hizi mlangoni pa karakana kuna ubao wa chaki. Katibu anaandika maneno machache, nami nawasomea wazee kwa sauti, polepole, na kila mmoja hunirudishia siku aliyoisikia kabla sijambonyezea Katibu kidole kwenye simu. Jioni Katibu ananifundisha kusoma. Vifungo vya nguo navishona mimi. Mjomba hutafuta tundu la sindano kwa vidole.

FUNZO

Usikubali kazi usiyoiweza kwa kuogopa kuchekwa. Kicheko kingeisha siku ileile. Jicho la mjomba halitarudi. Na ninyi viongozi, mkiondoa karatasi ukutani, ulizeni kwanza nani alikuwa akiisoma pale, na nani alikuwa akisomewa. Habari haijafika mpaka aliyetumiwa aweze kuirudia kwa mdomo wake. Nimeandika haya kwa mkono wangu, kwa siku tisa, ili mwenzangu mwenye haya aseme mapema lile neno nililolichelewesha mimi: "Sijui, nisaidieni."