Faulo ya Tano ya Nurdin

Jumamosi asubuhi soko la Tandika lilikuwa limefurika. Somoe aliinama kwenye rundo la mitumba, akachomoa suruali nyeusi ya aina wanayovaa waamuzi wa mpira wa kikapu. Alipoinuka, kifua kipana chenye fulana ya njano kilikuwa kimeziba kinjia.

"Kaka, naomba kupita."

"Pita, dada'angu. Mie nimesimama tu."

Somoe akaenda kulia, naye kulia. Akarudi kushoto, naye huyo.

"Unanikaba?"

"Nakukaba, lakini sijakugusa."

"Umenigusa. Kiwiko hicho!"

Mwenye mitumba akaangua kicheko. Ndivyo Somoe alivyomjua Nurdin, mkabaji wa timu ya chuo kimoja cha Chang'ombe. Hakusifika kwa kufunga. Alisifika kwa kuwang'ang'ania wafungaji kifua kwa kifua mpaka wakachoka wenyewe.

Mapenzi yao yalipotimiza miezi mitatu, Somoe alipangiwa kuchezesha nusu fainali ya vyuo, na timu ya Nurdin ilikuwamo. Kanuni ilikuwa wazi: mwamuzi mwenye mtu wake uwanjani husema mapema, akabadilishwa. Somoe hakusema. Miaka minne alichezesha mechi za watoto wa shule juani, akiingoja siku hiyo.

"Usinionee huruma, laazizi," Nurdin alimwambia kwenye simu.

"Nani akuonee huruma? Ukisukuma, napuliza."

"Puliza, mama. Ila nikisukuma kweli."

Siku ya mechi shati la kijivu lilimbana Somoe shingoni. Kila Nurdin aliposogelea mtu, Somoe aliipeleka filimbi mdomoni. Akiacha, watasema mapenzi. Akipuliza, kesho atamtazamaje? Zikabaki sekunde thelathini. Nurdin alikuwa na faulo nne, na ya tano humtoa mchezaji. Mfungaji wa wapinzani akaingia kwa kasi. Nurdin alikuwa ameshawahi nafasi, miguu imetulia, mikono juu. Filimbi ikalia. Baada ya filimbi ndipo miili ilipogongana.

Nurdin hakubisha. Alimtazama tu, akatoka. Timu yake ikalala kwa pointi moja.

Kufika Jumatatu balaa lilikuwa jingine. Kuna aliyewahi kuwaona wawili hao wakila chipsi mayai, na wachezaji wakasema Nurdin ameuza mechi, amekula njama na mpenzi wake ili atolewe. Kocha akamvua jezi.

Somoe alipiga simu mara saba ndipo ikapokelewa.

"Nurdin, mpenzi..."

"Nijibu kitu kimoja. Nilimsukuma?"

Somoe akaanza kuomba radhi.

"Somoe!"

"Hukumsukuma. Niliogopa kuonekana nakubeba, nikapuliza kabla."

"Basi waambie wao. Mie najua."

"Nikisema, wataninyang'anya filimbi."

"Na usiposema?"

Somoe akakata simu. Siku mbili alikaa kitandani, chumba chake cha Mtoni Kijichi kikawa kama sanduku lililofungwa kwa nje. Kunyamaza ni kumzika Nurdin. Kusema ni kujizika mwenyewe.

Alhamisi alasiri aliingia uwanjani wakati timu ya Nurdin ikifanya mazoezi, mtandio wa buluu kichwani. Alikuwa ameshamweleza yote Mwalimu Leonardi, mkuu wa waamuzi, naye alikuja nyuma yake amekunja uso. Wachezaji wakasimama, na Nurdin, aliyekuwa akitazama kutoka benchi, akainuka.

"Faulo ile haikuwapo," Somoe alisema. "Tunapendana naye, nikaficha. Kosa ni langu. Yeye hakuuza kitu."

"Matokeo hayabadiliki," alisema Mwalimu Leonardi. "Na wewe binti, msimu mzima hutachezesha."

"Nimesikia, mwalimu."

Kocha akamrushia Nurdin jezi. Nurdin akaiweka begani, akamfuata Somoe mpaka getini.

"Ngoja."

"Umenisamehe?"

"Bado. Nina hasira mpaka meno yananiuma."

"Sasa unanifuatia nini?"

"Nauliza baba'ako huwepo nyumbani siku gani. Mjomba alete posa."

"Na hiyo hasira?"

"Nitakuja nayo. Tutaoana nayo, itapungulia humo humo ndani."

Somoe alicheka huku machozi yakimdondoka. Uwanjani mtu akasukumwa, akapiga kelele. Mkono wa Somoe ukapanda wenyewe kwenda kifuani, haukukuta filimbi, ukashuka.

"Ijumaa," akasema. "Baada ya swala."